Hatua kumi na moja kutoka kitandani hadi chooni

Toleo lililopita niliweka mistari miwili tu kuhusu baba yangu aliyeteleza bafuni, nikadhani yamekwisha. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua na ujumbe wa simu vimekuja kutoka Pangani, Morogoro, Moshi, Mombasa, hadi Maskati, na karibu kila mmoja ameandika mahali fulani: "Ndiyo uzee, tutafanyaje." Nimefanya kazi ya fiziotherapia, ile ambayo wagonjwa wetu waliita "kwa wale wa mazoezi", miaka 31 kabla ya kustaafu. Wodi ya mifupa naijua kama jiko langu. Mtu aliyeangushwa na uzee mtupu sijamwona. Nimewaona walioangushwa na kipande cha sabuni, na kidonge cha usingizi, na kandambili iliyochomoka, na wengi, wengi sana, walioangushwa na kiti: walikalishwa mpaka miguu ikasahau kazi yake.

Barua ni nyingi na nafasi ni hii hii. Nimechagua tano.

SWALI: Nyumba mpya inamwangusha mama

Asalaam aleikum mama. Niko Maskati mwaka wa tisa sasa, ni dereva. Mama yangu ana miaka 74, yuko Tanga. Mwaka juzi Mungu alinijaalia nikamjengea nyumba ya vyumba vitatu, marumaru kila mahali, choo cha ndani cha kukaa. Tangu ahamie ameanguka mara mbili, zote usiku. Kwenye nyumba yetu ya udongo alikaa miaka arobaini, hakuanguka hata siku moja. Majirani wanasema nyumba ina jambo. Dada yangu anataka tumwite shehe aje aisomee. Naomba ushauri kabla sijatuma hela.

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu, na hongera kwa nyumba. Shehe mwiteni tu, dua haimdhuru mtu. Ila akifika mwombeni aende chooni usiku, taa zimezimwa, miguuni soksi. Atawaambia mwenyewe nyumba ina jambo gani.

Hela ishike kwanza. Mpigie dada yako umwombe kitu kimoja. Leo usiku mama alale chumba kingine, dada alale kitandani kwa mama, azime taa, asubiri robo saa, kisha ainuke aende chooni kwa mwendo wa mama huku anahesabu hatua. Kila hatua inayomtia shaka aitaje kwa sauti, wewe unasikiliza kwenye simu.

Zoezi hili nilikuwa nalifanya nilipowafuata wagonjwa majumbani. Nyumba moja hapa Tanga, mpya kama yako, ilikuwa hatua kumi na moja. Kabla hata ya hatua ya kwanza, kitanda: mbao nzito na godoro la inchi kumi, bibi wa watu akikaa ukingoni miguu inaning'inia kama ya mtoto kwenye benchi la zahanati. Anashuka kwa kuruka. Hatua ya pili, zulia dogo la manyoya, zawadi ya mjukuu, likikanyagwa linakimbia juu ya marumaru. Hatua ya nne anatafuta swichi. Fundi umeme ameiweka nyuma ya mlango, na mlango unafungukia ndani, kwa hiyo ukitaka mwanga sharti kwanza uuzunguke mlango gizani. Bibi alishaacha kuihangaikia. Hatua ya sita, waya wa feni. Hatua ya tisa, kizingiti cha bafu, kimeinuliwa vidole vinne ili maji yasitoke, kimevikwa marumaru ya rangi ileile ya sakafu. Mwenye mtoto wa jicho hakioni hata mchana. Hatua ya kumi, maji, kwa sababu kila aliyetia udhu ameyaacha pale. Hatua ya kumi na moja bibi anayumba, anashika alichokiona, nacho ni chuma cha taulo kilichofungwa kwa skrubu mbili fupi. Kiling'oka naye.

Nyumba ile haikuwa na shetani. Ilikuwa na fundi.

Sasa angalia ile yenu ya zamani. Sakafu yake ilikuwa inang'ata mguu. Kitanda cha kamba kilikaa chini. Chumba kilikuwa chembamba, ukuta unaufikia kwa mkono huku na huku, na mama alikijua kama anavyoijua sura yako. Hiyo mpya ina sebule pana ya kupokea wageni, na katikati ya sebule pana mtu hana cha kushika.

Hela yako iende hivi. Miguu ya kitanda ikatwe, ni msumeno na nusu saa, mpaka mama akikaa ukingoni nyayo zote mbili zitulie sakafuni na goti likae sawasawa na nyonga. Zulia la manyoya mlitundike ukutani kama mnalipenda. Taa ya kuchaji ikae mahali mkono wake unapofika bila kunyoosha, na nyingine ndogo iwake kwenye korido usiku kucha. Kizingiti kipakwe rangi ya njano au nyekundu, upana wa kiganja. Fundi wa kuchomelea awakatie vipande viwili vya bomba la chuma, kimoja kando ya choo na kimoja mahali pa kuogea, unene wa kiganja kujifunga vizuri, vifungwe kwa boliti zinazozama kwenye tofali. Kisha kijana mwenye kilo zake alining'inie. Likimshika yeye litamshika mama. Pale penye maji ng'oeni marumaru ya kung'aa muweke yenye mikwaruzo, au pigeni saruji na kuichora mistari kwa fagio kabla haijakauka. Itaharibu sura ya bafu lako la kisasa, nakubali.

Soksi ndani ya nyumba hapana. Na zile kandambili zilizolika mpaka zinang'aa chini, zitupeni leo. Mama avae raba nyepesi au kiatu cha kufunga kisigino, hata ndani.

Na kuna swali ambalo mtoto wa kiume huona haya kumuuliza mama yake, basi aulize dada: usiku anaamka mara ngapi? Anayeamka mara nne amesafiri ile njia mara nane, kwenda na kurudi. Akapimwe sukari na mkojo. Kama presha yake inatibiwa kwa vidonge vya kutoa maji mwilini, wamwulize daktari wahamishie asubuhi. Chai ya mwisho iwe magharibi. Na poti kando ya kitanda si aibu. Bibi yangu alikuwa na lake la bati jeupe lenye ukingo wa buluu, na likioshwa linaanikwa juani na vyombo vingine, hakuna aliyecheka.

SWALI: Tubadilishe mkandaji?

Dada, shangazi yangu wa miaka 81 ameanguka uani juzi akianika mpunga. Mguu wa kulia hauinuki, maumivu yako kinenani. Kuna mzee hapa Pangani ni hodari wa kukanda, ameshamkanda mara mbili kwa mafuta ya nazi lakini hakuna nafuu. Tuendelee naye au tutafute mwingine?

JIBU

Barua hii niliijibu kwa simu siku ileile, maana isingesubiri gazeti. Nilimwuliza mwandishi mambo mawili tu. Mkimlaza chali, visigino viko sawa? Na unyayo unatazama juu au umelalia nje? Akanijibu: mguu wa kulia umekuwa mfupi, na unyayo umelala pembeni kama wa mwanasesere. Hapo mjadala umekwisha. Huo ni mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga, na mfupa uliovunjika haukandwi.

Wakandaji sina ugomvi nao. Mama yangu alinikanda mgongo baada ya kila uzazi na nikapona. Lakini hapa kila mkono unaposukuma, ncha mbili za mfupa zinasuguana ndani ya nyama, na kila siku inayopita shangazi yuko chali. Mzee akilala chali siku nyingi mapafu yanajaa, makalio yanachubuka yakawa vidonda, damu inaganda kwenye miguu. Hayo ndiyo yanayoua wazee waliovunjika nyonga, mfupa wenyewe ni nadra. Ndiyo maana wataalamu wa mifupa wanataka mgonjwa wa namna hii afanyiwe upasuaji mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya siku mbili.

Niliwaambia wamweke mto katikati ya mapaja, wamfunge miguu yote miwili pamoja kwa kanga, pasivutwe kitu wala kunyooshwa, wamtelezeshe juu ya ubao, hata wa mlango, wampeleke penye eksirei. Wasimwinue kwa kumshika makwapa. Waliutoa mlango wa stoo kwenye bawaba zake, wakampakia kwenye gari ya kubebea dagaa. Ninavyoandika haya amefanyiwa upasuaji na ameanza kukalishwa kitandani.

Wapo wanaovunjika nyonga na bado wakachechemea siku mbili tatu, kwa hiyo kusema "mbona anakanyaga" si kipimo. Maumivu ya kinenani baada ya kuanguka, eksirei. Na aliyegonga kichwa naye aangaliwe, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, na baada ya wiki mbili tatu mzee anaanza kuumwa kichwa, analala mchana kutwa, anachanganya majina ya watoto. Nyumbani wanasema uzee umemwingia. Mrudisheni hospitali, mseme wazi kwamba alianguka na lini.

SWALI: Babu anaona giza akiinuka

Shikamoo bibi. Babu yangu ana miaka 79, tuko Morogoro. Ana presha na tezi dume. Anatembea vizuri, sokoni anakwenda mwenyewe. Lakini mwezi huu ameanguka mara tatu: mbili alfajiri akitoka kitandani, moja baada ya chakula cha mchana. Anasema aliona giza tu. Baba anasema kila mzee huanguka, ni kawaida. Mimi nataka nimnunulie fimbo.

JIBU

Marahaba mjukuu wangu. Fimbo haimsaidii mtu aliyezimikiwa na taa kichwani. Jibu umeliandika mwenyewe: akiinuka.

Mtu akisimama damu inavutwa miguuni. Kwa kijana mishipa inajibana papo hapo na moyo unaongeza kasi, ubongo hauhisi kitu. Kwa mzee, hasa mwenye dawa, mishipa inachelewa, na kwa sekunde chache ubongo unakosa damu. Babu amepimwa presha mara nyingi, najua, na kila mara alikuwa amekaa kwenye kiti mkono juu ya meza, wakamwambia "vizuri sana babu". Mwombe muuguzi ampime akiwa amelala dakika tano, kisha asimame, apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mmeshamkamata mwizi.

Halafu beba dawa zake zote kwenye mfuko. Zote, pamoja na za dukani na zile alizopewa na jirani. Dawa za tezi dume kama tamsulosini na prazosini hushusha presha mtu akisimama, na ukichanganya na mbili tatu za presha ndiyo hiyo alfajiri yake. Dawa za kutoa maji, diazepamu ya usingizi, amitriptilini, hata vidonge vya mafua vinavyolegeza, vyote humwangusha mzee. Mwenye sukari anayemeza glibenklamidi alfajiri halafu uji ukachelewa mpaka saa nne, huyo naye ataanguka, na sababu ni nyingine: sukari imeshuka mno. Lakini usimwachishe dawa wewe. Presha iliyoachwa bila daktari inaleta kiharusi. Kazi yako ni kufikisha ule mfuko mezani na kusema, "Babu anaanguka akisimama." Sentensi hiyo irudie mpaka iandikwe kwenye faili.

Wakati mnasubiri, alfajiri babu asiinuke kwa adhana kama askari. Akae ukingoni, nyayo chini, apandishe na kushusha vidole vya miguu mara ishirini, ahesabu polepole hadi sitini, asimame ameshika kitu, atulie, ndipo atembee. Anywe maji ya kutosha mchana, wazee wengi wanayakwepa kwa kuogopa kukojoa. Baada ya ugali mzito apumzike kidogo kabla ya kuinuka, kwa sababu damu inakimbilia tumboni. Akianguka bila hata kuona giza, akazimia kabisa, au moyo ukamdunda ovyo, au upande mmoja ukalegea au ulimi ukawa mzito, hiyo ni hospitali saa ileile.

Na baba yako mwambie hivi: Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Kawaida gani hiyo?

SWALI: Mkongojo mkono upi?

Hujambo Bi. Babangu hapa Mombasa goti la kushoto lamuuma, na mkongojo ashika mkono wa kushoto huohuo. Nikimwambia abadilishe hataki, asema mguu mbovu ndio utakao nguzo. Nani ana haki?

JIBU

Wewe. Mguu wa kushoto ukiuma, mkongojo mkono wa kulia, nao uende mbele pamoja na huo mguu wa kushoto. Akishika upande mbovu mwili wote unaulalia uleule unaouma. Mtazame mtu yeyote akitembea barabarani: mkono wa kulia huenda na mguu wa kushoto, hakuna aliyefundishwa. Urefu wake: asimame wima na viatu vyake, mkono umening'inia, kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Mirefu mno ndiyo mingi, kwa kuwa watu hukata wa kupendeza macho. Chini pawe na kofia ya mpira, na ikilika ibadilishwe. Mti mtupu juu ya marumaru ni mguu wa tatu wa kuteleza. Kwenye ngazi, akipanda atangulize mguu mzima, akishuka atangulize mgonjwa pamoja na mkongojo.

SWALI: Wanangu wamenifungia jembe

Mimi ni mama wa miaka 71, naishi Kibosho, Moshi. Mwezi wa pili niliteleza nikivuka mfereji nikiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Sikuvunjika, nilichubuka goti. Wanangu wakafanya kikao. Jembe limefungiwa stoo, majani anakata kijana, maji naletewa, nimenunuliwa kiti cha kuegemea cha bei mbaya. "Mama pumzika." Nimepumzika miezi saba. Sasa nikitaka kutoka kwenye hicho kiti sharti niite mtu, na nikitembea nashika ukuta, naogopa. Mwenye kosa ni mimi au wao?

JIBU

Shikamoo mama. Kosa ni lao, walilifanya kwa mapenzi, na nalijua kwa sababu nililifanya mimi.

Baba yangu alistaafu reli. Alikuwa anatembea kila asubuhi kwenda kununua gazeti na kurudi kwa njia ndefu ili apite kijiweni kwa wenzake. Siku alipokanyaga sabuni bafuni hakuumia. Lakini mimi, mtaalamu wa viungo, mwenye cheti ukutani, niliingiwa na hofu nikasema, "Baba kaa, utaletewa." Chai ikaletwa. Redio ikasogezwa. Gazeti akaenda mjukuu. Nilikuwa narudi kazini, ambako nimeshinda nikiwaamrisha wazee wa watu wasimame, nakuta wangu amekaa palepale nilipomwacha, shuka magotini, nami naona raha. Baada ya miezi sita alisikia fundi anagonga geti, nyumbani hakuna mtu. Akajisukuma kutoka kwenye kiti, miguu ikakataa, akaenda chini kwa mkono. Kifundo kilivunjika. Wakati namfunga kitambaa cha kuning'iniza mkono akaniambia, bila hasira, "Mwanangu, ulinifunga bila kamba."

Misuli ya paja la mzee ikiachwa bila kazi inasinyaa kwa wiki, na kuirudisha kunachukua miezi. Hofu nayo inasaidia: mwenye kuogopa anatembea kidogo, anayetembea kidogo anadhoofika, aliyedhoofika anaanguka, kisha anaogopa zaidi. Ila nguvu ya miguu inarudi, mama. Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand miaka ya 1990 walitengeneza mazoezi ya kufanyia nyumbani, ya kuimarisha miguu na kusimama bila kuyumba, wakawapa wazee wa umri wako na zaidi yako, hata wa miaka 80 na zaidi. Kuanguka kukapungua kwa karibu theluthi moja. Hawakutumia mashine ya ajabu. Kiti, ukingo wa meza, vizito vidogo vya kufunga kwenye vifundo vya miguu, nusu saa mara tatu kwa wiki, na siku nyingine kutembea.

Anza hivi. Hicho kiti cha bei mbaya mpe mgeni. Kinazama, hata mimi kingenimeza. Chukua kiti cha mbao cha mezani, kiegemee ukuta. Kaa, simama, kaa tena taratibu bila kujitupa, ikibidi shika meza kwanza. Mara tano asubuhi, mara tano jioni, kila wiki ongeza mbili. Kisha shika ukingo wa meza, simama kwa vidole, shuka, mara kumi. Kisha weka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole, kama unatembea juu ya kamba, tulia sekunde kumi, badilisha. Kwanza mikono miwili mezani, baadaye mmoja, baadaye vidole viwili. Ukiona ni rahisi mno, unajidanganya, punguza kushika.

Jifunze pia kuinuka kutoka chini, mwenyewe ukiwa mzima, juu ya mkeka, mtu akiwa karibu. Jigeuze ubavu, jisukume kwa kiwiko, piga magoti na mikono, tambaa hadi kwenye kiti, mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu uweke mbele, sukuma, geuka ukae. Mzee anayeweza kufanya hivyo haogopi kuanguka kama wengine, na hakai chini saa nzima akisubiri watu warudi sokoni. (Wazee wanaoswali chini naona wanabaki na ujuzi huu muda mrefu. Mwenye goti bovu simkatazi kiti, lakini asikikimbilie.)

Jembe urudishiwe. Jembe halikukuangusha, ulianguka na mzigo kichwani juu ya mfereji wenye matope, na hapo wanao walikuwa na haki nusu. Kwa hiyo mzigo wa majani abebe kijana, na mfereji uwekewe mbao mbili pana zilizopigiliwa vipande vya kuzuia kuteleza, na mti wa kushika upande mmoja. Shamba uingie umande ukishakauka. Mabuti ya mpira yaliyolika meno yabadilishwe. Simu ivae shingoni kwa kamba, isikae mfukoni mwa kitenge. Na macho yakapimwe, kwa sababu hukuniandikia kama mfereji uliuona.

Kabla ya kuanza yote, jipime. Kiti kilekile cha mbao, mikono ipishane kifuani, mjukuu ashike saa ya simu. Kwa sekunde 30 unasimama wima kabisa mara ngapi? Kwa mwanamke wa miaka 70 hadi 74, chini ya mara 10 maana yake miguu imedhoofika na kuanguka kuko karibu. Ukipata tatu usisikitike, baba yangu alianza na sifuri; baada ya miezi minne alifika tisa na akarudi kijiweni, mkono wenyewe umepinda kidogo. Andika namba ya leo nyuma ya kalenda. Mwezi wa kwanza jipime tena, uniandikie zote mbili.

Na hii kurasa mpe mwanao mwenye ufunguo wa stoo.